Masafa ya Mafia na Kilwa Masoko

Kiwanja cha ndege cha Kilindoni, kisiwani Mafia, na kile cha Kilwa Masoko vimeachana kwa takriban digrii moja ya latitudo, na kwa kuwa mabaharia na marubani huigawa digrii hiyo katika maili 60 za bahari, kila maili ikiwa kilomita 1.852, mtu mwenye ramani aweza kupata masafa ya kilomita 110 na ushei pasipo kumwuliza yeyote. Ndege ya Cessna Caravan, ambayo aghalabu huhudumia viwanja vidogo vya pwani yetu, hukata kiasi cha kilomita 300 kwa saa. Basi hesabu hutoa dakika 22.

Hesabu hiyo ni ya ndege iliyokwisha paa na ambayo haijaanza kushuka. Katika safari fupi namna hii sehemu kubwa ya muda huliwa na kujongea hadi mwanzo wa njia, kupanda polepole ilhali ndege imejaa, na kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Tena aendaye kusini wakati wa kusi hupingwa na upepo uleule umsukumao anayerejea. Nusu saa ni kadirio la insafu zaidi.

Lakini shauri langu si juu ya dakika hizo chache. Kinachonihuzunisha ni kusikia muda wa ndege ukitajwa kana kwamba ndio umbali walio nao watu. Mkazi wa Kilindoni asiyeweza kukodi ndege, akipata habari ya msiba Kilwa Masoko, hana budi kupanda chombo kuelekea magharibi hadi Nyamisati, atafute gari la kumfikisha barabara kuu, avuke Daraja la Mkapa, apite Somanga na Nangurukuru, ndipo awafikie wafiwa, ambao huenda wamekwisha kuzika. Na ilipokuja Hidaya, kimbunga cha Mei 2024, bahari ilichafuka Mafia na barabara ya Lindi ikakatika wilayani Kilwa, hata njia hiyo ndefu nayo ikawa haipitiki.

Wala watu hawa si wageni wao kwa wao. Masultani wa Kilwa walikitawala kisiwa cha Mafia, na sarafu zilizopigwa Kilwa zimefukuliwa Kisimani, kisiwani humo. Undugu huo wa kale unastahili chombo cha kuuhudumia.

Huko Scotland, visiwa vya Westray na Papa Westray, vilivyotenganishwa na bahari isiyofika kilomita 3, vina ndege ya ratiba ya dakika 2, nayo huendeshwa kwa msaada wa fedha za umma, kwa maana serikali imekiri kwamba abiria wachache hawawezi kulipa gharama yote peke yao, na hata hivyo wana haki ya mwalimu, tabibu na jamaa. Sioni kwa nini sisi tusikiri hivyo. Kiwanja cha Mafia kina njia ya lami, na wageni wajao kumtazama papa potwe hukitumia kwa raha. Wenye mamlaka na wapange safari ya Kilindoni na Kilwa Masoko, ijapokuwa mara mbili kwa juma, wamtangulize mgonjwa, na nauli yake waipime kwa nauli ya chombo na basi, wala si kwa mfuko wa mtalii.