Katerero Ni Jina la Kata, Mnacheka Nini?

Taja Katerero mbele ya Mtanzania asiyetoka Kagera, uone atakavyocheka. Kwake ni mtindo wa kitandani basi. Kwetu ni huo pia, ila ni kata halali ya Bukoba Vijijini, yenye migomba yake na watu wanaolijaza jina hilo kwenye fomu bila kutabasamu. Mimi ni mtu wa Muleba, utani huu nimeusikia mpaka nimeuchoka. Lakini sijaja kuwaomba mnyamaze. Nimekuja kugombana na Wahaya wenzangu, wale wasomi wanaoona dawa ya utani huo ni kujifanya kwetu hakukuwahi kuwa na lugha ya chumbani.

Najua wanakotoka. Miaka ya 1930 baadhi ya wanawake wa Kihaya walikwenda Nairobi kufanya biashara ya miili, na jina baya likawaganda wote, hata ambao hawakuwahi kuvuka mpaka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini wakatambuliwa Kagera. Ugonjwa ukaitwa Juliana, jina la vazi, na tukazika sana. Baada ya misiba ile, kuchekea mambo ya kitandani kulionekana kama kucheza juu ya kaburi.

Sawa. Ila tazameni tunavyolipia aibu hiyo. Tukikusanya nyimbo na hadithi za bibi zetu tunachukua methali na sifa za watawala, yale mengine tunayaacha jikoni. Kisha tunasimama: "Huu ndio utamaduni wetu." Huyo ni nusu bibi! Bibi mzima alimwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumtania mbele ya wazazi, na kila mtu alijua mpaka uko wapi: kwa mjukuu ruksa, kwa mkwe mwiko. Shangazi naye alimfunda bibi harusi kwa mafumbo ambayo mtoto akipita mlangoni haambulii kitu. Kutukana hakuhitaji akili. Kufumba kunahitaji, na hapo ndipo fasihi ilipo.

Saida Karoli alilijua hilo. Mwaka 2001 binti huyu wa Bukoba aliimba Kihaya, nchi nzima ikacheza bila kuelewa. Walichoshika ni kuchambua kama karanga, na kila mtu akachambua kivyake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya wimbo wake Maria Salome. Mwaka 2018 wawili hao hao wakafungiwa na BASATA wimbo wao Mwanza, na neno lililozua kelele ni Nyegezi. Nyegezi jamani, panapopaki mabasi! Wimbo ule mimi siupendi, kwa sababu fumbo lake ni jepesi mno, mtoto wa darasa la pili analifumbua. Hiyo ni kazi ya mhakiki, amcheke mtunzi mpaka arudi kwa bibi yake kujifunza. Kufungia wimbo kunampa mtunzi sifa ambayo hakuitolea jasho.

Halafu kuna Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1969. Shakespeare anaifunga kwa mzaha wa pete ya Nerissa, na pete ile si ya kidoleni tu. Hiyo tunaiita fasihi ya dunia. Mzaha wa bibi wa Kamachumu tunauita matusi. Mbona?

Turudi Katerero. Wanaoujua mtindo ule watakwambia unajali raha ya mwanamke. Utani wa mitandaoni umelifuta hilo, ukabakiza mwanamke wa Kihaya kama kichekesho cha watu wasiomjua. Tukinyamaza kwa heshima zetu, hao ndio watakaotuandika, na wameshaanza.

Kwa hiyo, wenye kalamu na simu za kurekodia, nendeni kwa bibi hao wakiwa hai. Chukueni mafumbo yote, mwandike nani aliruhusiwa kumwambia nani, na wapi. Mtu akiniletea kitabu cha nyimbo za Muleba kisicho na hata ukurasa mmoja wa kumfanya shemeji yangu azibe uso, nitamuuliza aliwahoji akina nani.