Usikivu ni Mali ya Nyumba



Wazee wetu walitufundisha kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alifika penye njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kuzifuata zote kwa wakati mmoja. Mguu huu ukaenda upande huu, mguu ule upande ule, naye akapasuka msamba. Sisi twamcheka fisi. Lakini yafaa tujiulize kama hatumfuati.

Tazameni nyumba nyingi za mji wetu wa Lubumbashi saa ya jioni, huko Katuba, Kenya, Ruashi au Kampemba. Umeme ukirudi, kila mtu akimbilia waya wa kuchajia simu. Mama asonga bukari juu ya mbabula, mkono mmoja una mwiko, macho yako kwenye simu iliyo kando yake. Baba asikiliza redio, na papo hapo asoma ujumbe wa jamaa aliye Kolwezi, na papo hapo amjibu mtoto “ndiyo, ndiyo” bila kujua ameulizwa nini. Mwanafunzi amefungua daftari la hesabu, lakini juu ya daftari kuna simu. Wote wamo chumbani mwao, wala hakuna anayesikilizwa.

Watu wengi hujisifu wakisema, “Mimi naweza kufanya mambo matatu mara moja.” Mikono iliyozoea kazi yaweza kweli kumenya viazi huku mdomo ukizungumza. Lakini kazi mbili zinazohitaji fikira, akili haizifanyi pamoja. Yaruka kutoka hii kwenda ile, kisha yarudi. Na kila irudipo, yapaswa kutafuta tena mahali ilipoachia. Hapo ndipo muda hupotea na makosa huingia.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Waliwapima wanafunzi waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa wakati mmoja, wakawalinganisha na wenzao wasio na mazoea hayo. Ilidhaniwa kwamba wale wa kwanza wangekuwa hodari wa kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Kumbe ndio walioshindwa zaidi: walivutwa na mambo yasiyowahusu, na hata katika kuhama walikuwa wazito kuliko wenzao. Uchunguzi huo haukuonyesha kama mazoea ndiyo yaliyowadhoofisha, au kama wenye fikira za kuyumba ndio wapendao mazoea hayo. Lakini ulitosha kuvunja majivuno. Tena taarifa ya UNESCO ya mwaka 2023 yasema kwamba mwanafunzi aliyevurugwa fikira na simu aweza kuchukua hata dakika 20 kabla ya kulirudia somo lake sawasawa.

Hasara hii haikai darasani tu. Mama anayeelezwa na muuguzi kipimo cha dawa huku akitazama simu aweza kurudi nyumbani bila kujua kama mtoto apewe kijiko kimoja au viwili. Kijana avukaye barabara ya Kasumbalesa akisoma ujumbe, hayaoni magari makubwa ya shaba yanayomjia.

Kuna na jambo la pili, nalo ni wingi wa habari zenyewe. Mwaka 1971 Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba habari nazo zina chakula chao, na chakula hicho ni usikivu wa watu. Kwa hiyo habari zikizidi, usikivu hupungua. Maneno yake yafaa kwetu leo. Zamani gazeti lilipofika, lilisomwa, likakunjwa, likawekwa. Leo simu haikunjwi. Ajali ya Likasi, vita vya Kivu, msiba wa jirani, tangazo la sabuni na mzaha wa mtu asiyejulikana, vyote vyaingia kwa kengele ile ile. Na aliyechoka kwa kusikia mengi, hana tena nguvu ya kupima lililo la kweli.

Wengine husema, basi simu zinyamazishwe. Sisi Wakongomani tuliyaona hayo. Tarehe 30 Desemba 2018 taifa letu lilipiga kura. Kesho yake intaneti ikakatwa, na jumbe fupi za simu nazo zikazuiwa. Serikali ilisema yataka kuzuia matokeo ya uongo yasienee. Zikapita siku 20 hivi kabla ya intaneti kurudishwa, mwezi wa Januari 2019. Je, uvumi ulikufa? Haukufa, kwa maana haukuzaliwa na simu. Tangu zamani kwetu kuna radio trottoir, redio ya kando ya njia, isiyohitaji umeme wala waya. Walioumia ni wafanyabiashara, na watu waliokosa habari za jamaa zao walio mbali. Ukimya wa kulazimishwa haumfundishi mtu kusikiliza.

Hata wenye WhatsApp waliona hatari ya mbio hizo. Januari 2019 waliamuru kwamba ujumbe usipelekwe mbele kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja. Na Aprili 2020, ule uliokwisha kupita mikono mingi usipelekwe ila mahali pamoja tu. Ni breki nzuri, lakini dereva ni wewe. Mlango wa masikio ya nyumba yako hauna bawabu mwingine.

Basi, haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, saa ya chakula simu zote ziwekwe katika kapu moja, na ya baba itangulie. Mtoto hafuati agizo ambalo baba mwenyewe hulivunja.

Pili, ninyi wanafunzi, mnapojifunza, simu ikae chumba kingine. Na kama umeme umekatika na simu ndiyo taa yako, ifungie intaneti kwanza, ndipo uwashe taa yake.

Tatu, kabla ya kupeleka habari mbele, uliza: Nani asema? Aliyaona wapi? Ni ya lini? Kama hakuna jibu, habari hiyo ife mkononi mwako.

Nne, mtu anaposema nawe, mtazame usoni. Kama huna nafasi, mwambie, “Ningoje kidogo,” kisha umrudie kweli.

Hatusemi simu ni adui. Yaunganisha jamaa, yatuma fedha ya karo, yamwita daktari usiku. Lakini mega zikiisha, mtu hununua nyingine dukani. Mtoto aliyekuja na neno lake mara tatu asisikilizwe, mara ya nne atalipeleka kwa mwingine. Na si kila mwingine amtakia mema.

Jaribuni juma hili, jioni moja tu. Wekeni simu kapuni, kisha mmwulize kila mtoto habari za siku yake, mkae kimya mpaka amalize kusema.