Udzungwa haina barabara ya gari, lakini kuna wanaoilipia

Ukitoka Kidatu kwenda Ifakara, mlima uko kulia kwako karibu safari nzima. Lami imefika, mabasi yanakimbia, bodaboda zimejaa Mang'ula. Ila ukishafika geti la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, gari linaishia hapo. Ndani ni kutembea kwa miguu tu, iwe unakwenda Maporomoko ya Sanje au unapanda kilele cha Luhombero, mita 2,576.

Hifadhi hiyo ya kilomita za mraba 1,990 ilianzishwa mwaka 1992. Kukosa barabara kumeisaidia sana. Msumeno wa mbao unahitaji lori, na lori linahitaji njia. Ndiyo maana msitu bado unashuka kutoka kileleni hadi karibu na mashamba ya bondeni, na nyani kama mangabe wa Sanje, aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, hapatikani popote nje ya milima hii.

Maji nayo yanatoka huko. Mito ya Udzungwa inaingia Kilombero, na Kilombero ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yaani maji yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Anayewasha taa Dar es Salaam ana deni na mlima huu, hata kama hajawahi kuuona.

Sasa nani analipa? Hapo ndipo pagumu.

Hadi mwaka 2011 wanavijiji wa upande wa mashariki waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni. Kisha ruhusa ikafutwa. Kwa msitu, hoja ilieleweka. Kwa mama mwenye mafiga matatu na mahindi ya kuchemsha, ilikuwa ni gharama mpya: kununua mkaa, kupanda miti yake mwenyewe kama ana ardhi, au kuingia kwa kujificha.

Magombera, msitu mdogo ng'ambo ya barabara, ulikwenda kwa njia nyingine. Sehemu yake ilikuwa mikononi mwa kampuni ya sukari, na kwa miaka mingi ulikatwa huku kila mtu akimtazama mwenzake. Watafiti na vijiji jirani walidai ulindwe, ardhi ikanunuliwa, na mwaka 2019 ukawa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Huo ni ushindi, na ulichukua miongo.

Lakini msitu mmoja huku na mlima kule, katikati lami na miwa, tembo wapite wapi? Jibu limekuwa ushoroba unaokatiza mashamba ya vijiji vya Mang'ula, wakulima wakikubali kuachia ardhi kwa fidia, na njia ya chini ya barabara kwa ajili ya tembo. Hicho ndicho kitu kipya: watu waliulizwa kwanza.

Kusini kidogo mambo yalikwenda tofauti. Mwaka 2023 pori tengefu la Kilombero lilipandishwa kuwa pori la akiba, na wakulima na wafugaji wa bondeni wakajikuta wanabishania mpaka. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba uhifadhi ni wake.

Na hata pale watu walipokubali, hesabu haijakaa sawa. Tembo akila mpunga, mkulima anadai kifuta jasho. Kanuni za 2011 zililipa kwa ekari, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na hifadhi ndivyo malipo yalivyopungua. Yaani jirani wa kwanza wa mlima, anayekesha na debe na tochi, ndiye alipewa kidogo kuliko wote.