Kofia ya Viua na Ulimi wa Mnunuzi

Ndugu msomaji, kofia uliyoivaa Ijumaa iliyopita ilishonwa na nani, naye alipata nini? Usikasirike kwa kuulizwa. Kila tukikutana barazani twalalamika kuwa vijana wetu hawataki kazi ya mkono, na lawama zote twawabebesha wao. Mimi nasema lawama hiyo tumeipeleka nyumba isiyo yake.

Nimekaa alasiri kadhaa katika darasa la wasichana wanaoanza kujifunza kushona kofia za viua, nyumbani kwa mwalimu wao, mama mtu mzima. Siku ya kwanza mwanafunzi hapewi kofia. Hupewa kipande cha nguo nyeupe kilichokunjwa mara mbili, akachora mstari kwa kalamu ya risasi, akatoboa tundu moja na kulizungushia uzi. Tundu moja tu! Akivuta uzi kwa nguvu, nguo hujikunja. Akiulegeza, tundu hupanuka na kupinda. Hufumua akaanza tena. Baadaye sana ndipo huja duara la juu na ukanda wa kuzunguka, na maua ambayo hayana budi kulingana pande zote, kwani hesabu ikikosewa mwanzo, ua la mwisho halipati pa kukaa. Na viua hivyo si pambo tu. Ndivyo vipitishavyo upepo kichwani katika joto la kaskazi. Kofia moja nzuri humchukua mshonaji wiki nyingi, pengine miezi, maana huishona baina ya jiko na mtoto.

Je, ni ugumu huo uliowakimbiza wanafunzi? Hata kidogo. Walivumilia kufumua, walivumilia vidole kuchomwa. Walioacha, waliacha siku waliyosikia bei. Binti mmoja alimaliza kofia yake ya kwanza, akaifua, akaitia wanga, akaipeleka dukani. Mwenye duka akaigeuzageuza, kisha akamwonyesha ya mashine iliyoletwa kwa maboksi kutoka ng'ambo. "Hii naiuza kwa bei ya sahani mbili za pilau. Yako ina nini zaidi, mwanangu?" Sikumlaumu sana. Alikuwa akiyarudia maneno yako wewe mnunuzi.

Harusi ya kijana wako wakodi vipaza sauti vya kuwakesha majirani, wala huulizi bei mara mbili. Ukifika kwa mshonaji wa kofia ya bwana harusi, ghafula wakumbuka kuwa israfu ni haramu! Asiye na uwezo na avae ya mashine kwa raha yake, sina neno naye. Nasema na wewe mwenye nacho.

Nanyi kina mama mnaowaambia mabinti kuwa sindano ni ya aliyeanguka mtihani, mmesahau kwamba Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme na bado alikula jasho la mkono wake? Wala si kazi ya wanawake peke yao. Nimewaona wazee wa kiume wakishona kofia vibarazani, na hakuna aliyewacheka.

Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, na Lamu ikafuata 2001. Twajivunia, na milango yetu ya kuchonga yapigwa picha na kila mgeni. Mgeni huyo huyo akinunua kofia ya mkono kwa bei yake, twamcheka kuwa amelanguliwa. Huko Oman kumma, ndugu wa kofia yetu, huvaliwa na wakubwa kwa wadogo, na iliyoshonwa kwa mkono ina heshima na bei yake. Sisi twaomba kupunguziwa.

Darasa lile lilianza na wasichana kumi na mmoja. Nilipopita mara ya mwisho niliwakuta wanne. Kofia ya yule binti ilikuwa bado imo kapuni mwa mwalimu, imefungwa kitambaa, haijapata mtu.