Piza, Mantabali na Thamani ya Jina

Mjadala ulianza kama mzaha. Baada ya semina ya jioni, wanafunzi wangu wawili walibishana juu ya piza iliyo bora: nyembamba ya Napoli au nene ya Chicago. Wa tatu, kijana wa Unguja, akadakia kwamba zote hazifui dafu mbele ya "piza ya Zanzibar" ya Forodhani. Wenzake wakaangua kicheko. "Ile si piza, Dokta, ile ni chapati," mmoja akaniambia, akitaraji niamue. Siku ile sikuamua. Leo naamua.

Tuanze Napoli. Katika karne ya 19 piza ilikuwa chakula cha maskini wa mji huo, ikiuzwa mitaani na kudharauliwa na wenye nacho. Mwaka 1984 waokaji wenyewe waliunda chama cha kuilinda. Mwaka 2010 Umoja wa Ulaya ukaiandikisha kuwa chakula cha kijadi chenye masharti: kipenyo kisizidi sentimita 35, tanuri liwe la kuni, na piza iive kwa sekunde 60 hadi 90. Mwaka 2017 UNESCO ikautambua ufundi wa waokaji hao kuwa urithi wa utamaduni usioshikika.

Wahamiaji wa Kiitalia walipoifikisha Marekani, piza ilibadilika kwa kuwa maisha yalibadilika. New York ilizaa piza pana, iuzwayo kipande kimoja kimoja, ambayo mtu huikunja na kuila akiwa njiani. Mwaka 1943, mgahawa wa Pizzeria Uno wa Chicago ulianza kuioka katika chombo chenye kina, jibini chini na mchuzi wa nyanya juu. Hiyo huliwa kwa kisu na uma. Detroit, mwaka 1946, iliokwa katika trei za chuma za mstatili zilizotokana na viwanda vya magari.

Ladha yangu siifichi. Naipenda ya Napoli, kwa sababu viungo vyake ni vichache na mwokaji hana pa kuficha uzembe wake. Hata hivyo, siwezi kuilaumu ya Detroit kwa kutofanana nayo. Kila moja ilijibu mahitaji ya watu wake. Wanaodai usafi wa asili wakumbuke kwamba hata nyanya ni mgeni Italia. Ilitoka bara la Amerika.

Sasa twende Forodhani. Hapo kinyunya hutandazwa hadi kiwe chembamba kama karatasi, hujazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, hukunjwa pande zote, kisha hukaangwa juu ya chuma bapa. Hakuna tanuri wala mchuzi wa nyanya. Mwanafunzi aliyecheka alikuwa sahihi nusu: si piza. Lakini si chapati pia. Ni mantabali, jamaa wa mutabbaq ya Yemen, wa murtabak ya Malaysia, na wa mkate mayai wa Mombasa. Ukoo wake umezunguka Bahari ya Hindi. Ndugu zake wa kweli wako huko, wala hawako Italia.

Simlaumu muuzaji aliyeliita piza ili mtalii alielewe. Ana watoto wa kulisha, na jina hilo linauza. Ninachokihoji ni ukimya wetu sisi wengine: wasomi, maofisa wa utamaduni, waandishi wa vitabu vya utalii. Maskini wa Napoli walikuwa na chakula kilichodharauliwa, wakakilinda hadi dunia ikakiheshimu kwa jina lake. Sisi tuna chakula chenye nasaba ndefu, tukakivika jina la kuazima, kisha tunakicheka kwa kutofanana na mwenye jina. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga.

Sidai sheria ya kumkataza mtu kuandika "piza" kwenye kibao chake. Nadai mapishi yaandikwe, wapishi wazee wahojiwe, na jina la mantabali liandikwe pembeni mwa hilo la kuazima.

Basi hukumu yangu ni hii: katika ladha, kila mtu na ulimi wake, katika heshima, chakula bora ni kile kinachojulikana kwa jina lake. Nikifika tena Forodhani nitaagiza mantabali. Muuzaji akishangaa, nitarudia.