Mambo ya Nyumbani: Hesabu ya Chakula Huanzia Ghalani

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za chakula cha nyumbani na fedha ya kukinunulia, maana jambo hili huvunja amani ya nyumba nyingi katika bonde letu la Kilombero, wala si kwa sababu watu ni wavivu. Mtu hulima kwa jasho tangu mvua za Desemba, huvuna mwezi wa Juni, na Februari ifikapo watoto wake hulala kwa uji mwepesi. Mpunga umekwenda wapi? Mara nyingi haukuliwa na panya wala haukuchukuliwa na maji. Uliondoka mlangoni gunia kwa gunia, mchana kweupe, pasipo mtu kuuandika.

Desturi ya kupanga matumizi kwa mwezi imetoka kwa watu wa mshahara. Mwalimu au mwuguzi hupata fedha yake mwezi ukiisha, naye hana budi kuigawa kwa siku 30. Lakini mkulima wa Ifakara, Mang'ula, Mngeta au Mlimba hupokea ujira wake mkubwa mara moja kwa mwaka, tena ujira wenyewe si noti, ni magunia. Basi akitaka kupanga chakula cha mwezi kama mwalimu apangavyo, sharti kwanza ayagawe magunia yenyewe kwa miezi 12. Asiyefanya hivyo atakuwa na Julai ya karamu na Februari ya njaa, hata akivuna sana.

Yafaa tueleze jinsi hasara inavyoingia. Mwezi wa Juni na wa Julai kila mtu anavuna, na kila mtu anataka fedha. Malori huja kutoka Dar es Salaam na kwingineko. Na tangu daraja la mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, hufika hata upande wa Ulanga bila kungoja kivuko. Hiyo ni neema, walakini wauzaji wakiwa wengi kwa siku moja bei hushuka. Miezi ya Januari na Februari maghala ni matupu, wanunuzi ni wengi, na bei hupanda. Fanyeni hesabu ndogo: ikiwa bei imepanda kwa nusu yake, aliyeuza magunia matatu Julai, akarudi kununua Februari kwa fedha ile ile, atapata mawili. Gunia moja zima limepotea, wala hakuna mwizi aliyeingia.

Wengine hufanya biashara mbaya kuliko hiyo. Wakibanwa na shida Februari, humwuzia mchuuzi mpunga ungali mbichi shambani, kwa bei ambayo mwenye njaa hawezi kuikataa. Wengine huenda kufanya kibarua cha palizi katika shamba la jirani ili wapate mchele wa jioni, na siku zile zile shamba lao humezwa na majani. Juni ikifika, mavuno yao ni machache, wala hawawezi kungoja bei. Hivyo njaa ya mwaka huu imezaa njaa ya mwaka ujao. Kamba hii ndiyo twataka kuikata, nayo hukatwa Julai. Februari mtu hana kisu.

Kwanza, pimeni chakula mnachokula. Si kwa kukadiria, maana mkono ukadiriao huwa mpana Julai na mwembamba Februari. Chukueni pishi, au kopo la sado lile litumikalo sokoni, mpime kila siku kwa juma moja mchele unaoingia chunguni, mkaandike. Tuseme nyumba ni ya watu sita, baba, mama na watoto wanne, nao hupika kilo 2 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 60, na kwa mwaka ni kilo 720. Mpunga ukikobolewa hupungua. Tukikisia kwamba kilo 100 za mpunga hutoa kilo 60 za mchele, nyumba hiyo yahitaji magunia 12 ya mpunga ya kilo 100, gunia moja kwa kila mwezi. Ikiwa siku tatu za juma wanakula ugali, mihogo au ndizi, magunia 7 yatatosha. Ongezeni moja la mbegu, na moja la wageni na misiba, kwani wageni huja na misiba hutokea, wala si haki kuvihesabu kama vitu vya ajabu.

Magunia hayo yatengwe siku ile ile ya kupura, kabla mnunuzi hajaingia uani. Ndivyo alivyofanya Yusufu katika Misri: alitenga sehemu ya tano miaka ya shibe ikiwapo bado, hakungoja kuona kitakachobaki. Mpunga ukaushwe vizuri, magunia yawekwe juu ya mbao au chanja, yasiguse sakafu wala ukuta. Tena uwekwe ukiwa mpunga, usikobolewe wote pamoja, maana mpunga hustahimili kuliko mchele. Peleka mashineni wa mwezi mmoja tu, na pumba wapewe kuku. Gunia la Oktoba lisifunguliwe Septemba. Likifunguliwa, nyumba imekwisha kupata habari kwamba kuna kasoro, nayo ina nafasi ya kuitengeneza.

Mtu atatuuliza, Je, kama nimevuna magunia manane tu, nami nahitaji 14, hesabu itanifaa nini? Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulijibu kwa maneno matamu. Daftari haliongezi mpunga. Lakini humwambia mtu Julai habari ambayo tumbo lingemwambia Februari. Ajuaye Julai kwamba atapungukiwa na magunia sita aweza kupanda mahindi, maboga na mboga penye unyevu maji yakishapungua. Aweza kununua mahindi yangali rahisi. Aweza kuanza mapema siku za ugali na mihogo. Aweza kufanya kibarua wakati ambapo shamba lake halimhitaji. Ajuaye Februari hana njia ila kukopa.

Pili, kinachobaki kiuzwe kwa mizani, na kwa mafungu. Lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu, ni zawadi ambayo mkulima humpa mnunuzi bila kushukuriwa. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na Wakala wa Vipimo huwashitaki wavunjao sheria hiyo. Basi msione haya kudai mizani. Wala msiuze yote siku moja. Tuseme nyumba ile ya watu sita imevuna magunia 20, ikatenga 14, yamebaki sita. Mawili yauzwe Julai kulipa gharama za kuvuna na kusafirisha. Mawili yangoje Desemba, kwa ajili ya kulima na kwa ajili ya shule. Maana ingawa serikali imeondoa ada katika shule zake za msingi na za sekondari, sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, navyo huja Januari, ghala linapopungua. Mawili ya mwisho yauzwe bei ikipanda. Palipo na ghala lenye leseni, Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 yampa mkulima njia ya kuweka mazao yake, akapata hati, na kwa hati hiyo akaomba mkopo huku akingoja bei.

Tatu, fedha ya dukani igawiwe kwa miezi kama mpunga. Chumvi, sabuni, mafuta, sukari, majani ya chai, viberiti, dagaa: orodha si ndefu, lakini ndiyo itobolayo mfuko. Andikeni kila kitu na kiasi chake kwa mwezi, mkanunue siku moja. Anunuaye mafuta ya kupima kila jioni hulipa zaidi kwa lita kuliko anunuaye dumu. Na kama dumu ni zito kwa nyumba moja, nyumba tatu zaweza kulinunua pamoja na kugawana. Samaki nao wana msimu wao. Kambale na perege wakiwa wengi, mama mwenye busara hununua na kukausha kwa moshi, ili asinunue kitoweo kwa bei ya shida. Matembele, mchicha na bamia vilivyo kando ya nyumba havihitaji fedha, vyahitaji maji ya kuoshea vyombo tu.

Tena iko desturi ya kale ambayo twapenda isife. Kabla ya kuosha mchele, mama hurudisha konzi moja katika chungu cha akiba. Konzi moja ya gramu 50, asubuhi na jioni, ni kilo 3 kwa mwezi na kilo 36 kwa mwaka. Kwa nyumba yetu ya watu sita hicho ni chakula cha siku 18. Haba na haba hujaza kibaba.

Nne, baba na mama wakae pamoja juu ya daftari. Nyumba nyingi huanguka hapa. Baba huuza gunia asimwambie mama, kwa kuwa amesimama shambani. Mama hutoa debe kwa siri, kwa kuwa amesimama jikoni. Na kila mmoja hudhani ghala bado limejaa. Daftari liwe moja, lijue kila gunia liingialo na kila debe litokalo, na ufunguo usigeuzwe pasipo wote wawili kujua. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama wazazi hawajui kuandika, mtoto wa darasa la nne aweza, naye atajifunza hesabu iliyo bora kuliko ya ubao.

Nanyi walimu, msidhani kwamba neno hili si lenu. Mna mshahara wa kila mwezi, lakini wengi wenu mna daftari jingine, lile la mwenye duka, nalo hula mshahara kabla haujafika mkononi. Nunueni mpunga wenu Julai, wa miezi mingi kadiri mwezavyo, hata kwa kuweka fedha kidogo kidogo katika kikundi tangu Januari. Watu wa kijiji huwatazama ninyi. Ghala la mwalimu hufundisha siku ambazo shule imefungwa.

Basi, ndugu, mkisoma maneno haya wakati wa mavuno, msiyaweke kesho. Mkiyasoma ghala likiwa nusu, hesabuni nusu iliyobaki jioni hii hii. Mkaandike tarehe, mkagawe kwa miezi iliyosalia, na kila mtu wa nyumbani ajue jibu, pamoja na watoto, maana wao ndio hulala kwa uji mwepesi wakubwa wakikosea hesabu.