Upanga wa Ulaya una vipimo, sime ya babu yangu haina

Jirani yangu hapa Elgon View amenunua upanga. Tafadhali msomaji, usisome haraka: sisemi panga ya kukatia nyasi, nasema upanga, ule wa wapiganaji wa farasi wa Ulaya ya kale, wenye kikingio cha mkono kama msalaba na kifundo cha duara mwishoni mwa mpini. Ameutundika juu ya televisheni. Wageni wake wanaucheka kidogo, halafu wanaomba kupigwa nao picha.

Mimi niliomba kuushika. Kwanza ni mwepesi. Sinema zimetudanganya kwamba kile kilikuwa chuma cha kuinuliwa na majitu, kumbe upanga wa mkono mmoja wa karne ya 13 kwa kawaida ulikuwa kati ya kilo moja na kilo moja na nusu. Pili, umeandikwa ulikotengenezwa: India. Huko, katika mji wa Dehradun, kuna kiwanda kiitwacho Windlass ambacho kilianza mwaka 1943 na leo kinauzia dunia nzima panga za kale za Ulaya. Basi huu ni upanga wa Ulaya, umefuliwa na Wahindi, umenunuliwa na Mkalenjin, uko Eldoret. Na hakuna anayesema ni wa uongo.

Nilipofika nyumbani nilishindwa kulala kwa sababu ya jambo hilo. (Mke wangu anasema ni kahawa.) Mhindi ambaye hajawahi kumwona mpiganaji wa farasi anawezaje kufua upanga wake? Anaweza kwa sababu msimbo wake uko wazi. Kulikuwa na Mwingereza, Ewart Oakeshott, aliyetumia maisha yake kuzichunguza panga za kale na kuzipanga kwa aina, kutoka X hadi XXII, kwa kutazama umbo la bapa, mfereji wake na urefu wa mpini. Kitabu chake kikuu juu ya panga hizo kilitoka mwaka 1964. Waliomfuata, kama mhunzi Peter Johnsson wa Sweden, waliingia kwenye makumbusho na vifaa vya kupimia, wakaandika unene wa bapa hatua kwa hatua toka mpinini hadi nchani, na mahali upanga unapokaa sawa ukiuweka juu ya kidole. Ukiwa na hayo yote, unaweza kuufua popote. Ukiyakosa, unapata zile za mapambo za chuma kisichoshika kutu, zenye msuka mwembamba kama msumari. Hizo usithubutu kuzungusha, bapa linaweza kukatika likampata mtoto wa mtu.

Sasa tuje nyumbani. Babu yangu alikuwa na sime, rotwet kama tunavyoiita Wanandi. Makali pande mbili, bapa linapanuka kuelekea nchani, haina kikingio cha mkono, ala yake ya ngozi nyekundu. Miaka ya tisini ami yangu mmoja aliiuza kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Simlaumu sana, ilikuwa karo ya shule. Tulichobaki nacho ni picha moja ambayo babu ameketi na sime iko pajani.

Mwezi uliopita niliipeleka picha hiyo kwa fundi mmoja mzee wa jua kali hapa mjini. Nilijua chuma si tatizo. Panga nyingi za wale wanaoigiza vita vya kale hufuliwa kwa chuma cha springi, aina za EN45 au 5160, na hicho ni chuma cha jamii ileile ya springi bapa za lori. Na sime za huku hufuliwa kwa nini? Springi ya gari! Fundi alikuwa na rundo zima nje ya kibanda.

Aliitazama picha kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Kijana wangu, hapa karibu na mpini unene ni ngapi? Na hapa penye upana?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia picha. Akasema anaweza kunitengenezea sime, lakini haitakuwa hii.

Mimi hujipatia riziki kwa kuandika programu, na nimewahi kukabidhiwa mfumo ambao aliyeuandika ameshafariki na msimbo wake haupatikani. Unauona unafanya kazi, lakini siku ukivunjika umekwisha. Sime zetu ziko hivyo. Ujuzi ulikuwa mikononi mwa wahunzi wachache, A. C. Hollis aliandika mwaka 1909 kwamba wahunzi wa Wanandi wengi wao asili yao ni Wamaasai wa Uasin Gishu, ndio walioiachia kaunti yetu jina. Na sime zenyewe zimetawanyika. Mradi ulioshirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo nje ya nchi. Kazi nzuri, nawapongeza. Lakini orodha hukwambia kitu kiko wapi, na fundi wangu anataka milimita.

Wengi watasema vitu virudishwe. Virudi, ndiyo! Lakini Koitalel arap Samoei aliuawa mwaka 1905 na fimbo zake zikarudi kutoka Uingereza mwaka 2006. Hesabu mwenyewe. Kupima sime moja huchukua nusu saa.

Kuna pingamizi ambalo silichukulii kwa mzaha. Huu ni mji wa Eldoret. Kanisa la Kiambaa, viungani mwetu hapa, lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu ndani. Wapo majirani zangu ambao wakiona bapa refu mkononi mwa kijana hawaoni utamaduni, na wana haki. Rafiki yangu mmoja aliniambia waziwazi kwamba michoro ya silaha haina kazi kwenye mtandao. Nimemjibu kwamba walioua hawakuhitaji michoro, panga ziko kwenye kila duka la vifaa. Hata hivyo sehemu moja ya hoja yake nimeikubali: faili nitakazoweka zitakuwa za sime butu, ukingo wa milimita mbili na ncha ya mviringo, kama zile za waigizaji wa vita. Zinatosha kwa jukwaa, kwa ukuta, na kwa wanafunzi wanaoigiza habari za Koitalel kwa sime za mbao zilizopakwa rangi ya fedha.

Nimeshapima moja, ya mzee wa Nandi Hills ambaye alikaa pembeni yangu muda wote asiniamini. Nahitaji nyingine. Ikiwa kwenu iko, chukua kalipa ya fundi mitambo, pima unene kila sentimita tano toka mpinini hadi nchani, pima upana palepale, pima uzito, tafuta mahali inapokaa sawa juu ya kidole. Msuka usiufungue, utaharibu mpini. Piga picha pande zote mbili kukiwa na rula kando, halafu uirudishe ndani ya ala kabla watoto hawajatoka shule.